Kabla Hujahesabu Marobota

Wafugaji wengi wa ng'ombe wa maziwa hununua hei kwa kuhesabu marobota. Mimi huwaomba kwanza wakate kamba ya robota moja, waingize mkono hadi katikati, kisha wanuse. Nje linaweza kuwa la kijani cha kupendeza, ndani limejaa ukungu, kwa sababu alilifunga mtu aliyekuwa na haraka.

Nyasi mbichi huwa na maji asilimia 70 hadi 80. Zikifyekwa hazifi papo hapo: huendelea kupumua na kuunguza sukari yake zenyewe mpaka maji yashuke karibu na asilimia 40. Ndiyo maana saa za mwanzo zina thamani kubwa. Zitandazwe nyembamba, zigeuzwe, upepo upite. Mvua nayo huumiza zaidi nyasi zilizokaribia kukauka kuliko zilizofyekwa saa hiyo, kwani huosha sukari na madini yakaenda na maji.

Lakini hofu ya mvua imetusahaulisha madhara ya jua. Nyasi zikianikwa siku nyingi juani hupauka mpaka zikafanana na makuti, na karotini ambayo ng'ombe huigeuza kuwa vitamini A hupotea. Nyasi aina ya Boma Rhodes huvumilia kugeuzwa mara kwa mara ili zikauke upesi. Lusini haivumilii. Majani yake, yaliyobeba sehemu kubwa ya protini, hukauka kabla ya mabua na hupukutika yakiguswa mchana. Igeuze asubuhi umande ungalipo kidogo, kisha uimalizie kwenye vichanja kivulini. Inauma kumwona mfugaji aliyehangaika kumwagilia lusini miezi mizima akiishia kulisha vijiti.

Robota lifungwe unyevu ukiwa umeshuka hadi asilimia 15 hivi, na kuupima si lazima uwe na mashine. Katakata nyasi kiasi cha kujaza kiganja, tia kwenye chupa kavu pamoja na chumvi kavu kidogo, funga, tikisa kwa dakika kadhaa. Chumvi ikishikamana, anika tena. Unyevu ukipita asilimia 20, kuvu na bakteria huanza kuila hei, na robota hupata joto. Joto hilo huunganisha protini na sukari, hei ikawa ya kahawia, yenye harufu ya tumbaku au ya sukari iliyoungua. Ng'ombe huila kwa hamu, na hapo ndipo wengi hudanganyika, maana sehemu kubwa ya protini ile haimeng'enyeki tena. Joto likizidi, lundo huweza kuwaka lenyewe. Vumbi la ukungu nalo huharibu mapafu ya mtu anayelisha kila siku.

Kuhusu ghala, maneno ni machache: paa lisilovuja, magogo au vichanja chini ya marobota, na nafasi ya hewa kati ya lundo na ukuta. Robota lililolala juu ya udongo hunyonya unyevu hata kiangazi. Marobota mapya yasibanwe sana wiki za mwanzo. Kila baada ya siku chache penyeza mkono katikati ya lundo, na ukihisi vuguvugu, lipangue siku hiyo hiyo.