Mavazi ya Ujiji: Kutoka Mbugu hadi Kitenge

Makumbusho ya Dkt. Livingstone yaliyoko Ujiji, mkoani Kigoma, yana sanamu mbili za ukubwa wa mtu zinazowaonyesha David Livingstone na Henry Morton Stanley wakivuliana kofia, kama walivyofanya walipokutana mwaka 1871. Stanley aliandika kwamba Livingstone alivaa kofia ya samawati yenye utepe wa dhahabu uliofifia, kizibao chenye mikono myekundu na suruali ya kijivu. Lakini umati uliowazunguka nao ulikuwa umevaa, na historia ya mavazi ya mji huu imo zaidi katika nguo za umati ule kuliko katika kofia za wageni wawili.

Kabla nguo za pamba hazijaenea, wenyeji wa ufuko huu wa Ziwa Tanganyika walivaa ngozi za mbuzi na kondoo, pamoja na mbugu, yaani nguo ya gome la mti wa jamii ya mkuyu, ambalo hubanduliwa, likalowekwa na kugongwa kwa nyundo ya mti mpaka likalainika na kutanuka. Wasafiri Richard Burton na John Hanning Speke, waliofika hapa Februari 1858, waliikuta mbugu ikivaliwa bega kwa bega na nguo za misafara: merikani, kitambaa kizito kisichopaushwa kilicholetwa Unguja na merikebu za Salem, Massachusetts, na kaniki, pamba iliyotiwa nili. Nguo hizo zilipimwa kwa mkono, yaani urefu wa kuanzia kiwiko hadi ncha ya kidole. Mikono minne ilifanya shuka, na minane ikafanya doti. Zilikuwa pia fedha: kwa hizo walilipwa wapagazi, kwa hizo ilitolewa hongo, yaani ushuru wa machifu, na kwa hizo zilinunuliwa pembe za ndovu na, jambo lisilostahili kufunikwa, watu. Kwa manunuzi madogo, soko la Ujiji lilitumia ushanga ulioitwa sofi, ambao msafiri Verney Lovett Cameron aliuona mwaka 1874.

Katika jamii ya namna hiyo vazi lilitangaza hadhi ya mtu. Pwani, ambako desturi nyingi za Ujiji zilitoka, mtumwa hakuruhusiwa kujivalia kama muungwana. Ndiyo maana kanzu na kofia kwa wanaume, na baadaye kanga kwa wanawake, zilikuwa na uzito mkubwa kwa Wamanyema, watu wenye asili ya ng'ambo ya ziwa ambao wengi wao waliletwa kwa nguvu, kisha wakawa Waislamu na wenye mji. Mkusanyiko wowote wa mavazi ya Ujiji usiowapa hao nafasi ya kwanza una upungufu mkubwa.

Leo kitenge ndicho kimetawala, na ladha yake inaelekea magharibi zaidi kuliko pwani, kwa kuwa mishono ya Kongo, yenye mabega yaliyotuna na sketi ya kubana, huvuka ziwa pamoja na wafanyabiashara na muziki, nao mafundi cherehani wa Kigoma huikata upya kwa ajili ya sare za harusi.