Jana Alikuwa Mzima: Kiharusi na Vifo Ambavyo Tungeweza Kuvizuia

Ingia kwenye msiba wowote, uwe wa Temeke au wa Machame. Ukishatoa pole na kuketi mkekani, haipiti robo saa kabla hujasikia mtu akiuliza kwa sauti ya chini: "Marehemu alikuwa anasumbuliwa na nini?" Na siku hizi jibu mara nyingi ni lilelile. Hakuwa mgonjwa. Jana tu alikwenda kazini, akarudi, akala na wanawe. Alfajiri wakamkuta hawezi kuinuka, mdomo umekwenda upande, mkono umelegea, maneno hayatoki.

Wasikilizaji hutikisa vichwa. Mmoja husema kazi ya Mungu haina makosa. Mwingine hunong'ona kwamba pale pana mkono wa mtu. Kisha kahawa huletwa, mazungumzo yakahamia kwingine, na lile swali likabaki bila jibu.

Ninaandika makala haya kwa sababu swali hilo la msibani lilikwisha kupata jibu, tena hapa hapa Tanzania, kwa kazi ya watu waliokwenda nyumba kwa nyumba kuliuliza kwa makini. Walichokipata kinatuhusu sote wenye wazazi, na sote tunaoelekea uzeeni.

Waliohoji wafiwa

Kujua watu wanakufa kwa nini ni kazi ngumu mahali ambapo wengi hufia nyumbani na kuzikwa siku hiyo hiyo au ya pili yake, bila daktari kuona maiti wala cheti kuandikwa. Hospitali zina rekodi za waliofika hospitalini tu. Mkulima aliyeanguka shambani na kuzikwa kesho yake hamo katika vitabu hivyo.

Mwaka 1992 ulianza mradi uliojulikana kwa kifupi AMMP, ukiendeshwa na Wizara ya Afya pamoja na Chuo Kikuu cha Newcastle upon Tyne cha Uingereza. Ulichagua sehemu tatu: matawi 8 ya jiji la Dar es Salaam, vijiji 47 vya Wilaya ya Hai chini ya Mlima Kilimanjaro, na vijiji 59 vya Morogoro Vijijini. Wakazi walihesabiwa, na kila kifo kikaandikwa. Baada ya maziko, mhojaji alifika kwa wafiwa na kuketi nao. Aliumwa muda gani? Alikuwa na homa? Alikohoa? Je, upande mmoja wa mwili ulipoteza nguvu ghafla? Majibu hayo yalisomwa na madaktari, nao wakaamua chanzo cha kifo kinachoelekea zaidi kuwa cha kweli.

Matokeo ya kwanza, yaliyochapishwa mwaka 1996 na kikundi kilichoongozwa na Dk. Henry Kitange, yalitisha. Kwa viwango vya vifo vya wakati ule, katika kila wavulana 100 waliofikisha miaka 15, wangekufa kabla ya miaka 60 wavulana 47 wa Dar es Salaam, 37 wa Hai na 58 wa Morogoro Vijijini. Katika nchi tajiri idadi hiyo ilikuwa 15. Ilikuwa miaka ya UKIMWI, na ugonjwa huo ulichukua sehemu kubwa ya vijana. Lakini ndani ya madaftari yale kulikuwa na muuaji mwingine ambaye hakuna aliyemtazamia.

Muuaji huyo ni kiharusi. Mwaka 2000 Dk. Richard Walker na wenzake walitoa hesabu yake. Katika vifo 7,629 vya watu wazima, 421 vilitokana na kiharusi. Mtu anaweza kusema ni vichache. Lakini tazama umri. Kwa wanawake wa Dar es Salaam wenye miaka 15 hadi 64, kiharusi kiliua 88 katika kila 100,000 kwa mwaka. Kwa wanawake wa umri huo huo Uingereza na Wales, kiliua chini ya 9. Kwa wanaume wa Dar es Salaam walikuwa 65, na wenzao wa kule kama 11. Ugonjwa tuliouita wa Wazungu na wa wazee ulikuwa ukiua mama zetu wakiwa bado na watoto shuleni, mara nyingi kupita ulivyoua huko tulikodhani ni kwao.

Watafiti walirudi. Kuanzia mwaka 2003 hadi 2006 waliwatafuta wagonjwa wapya wa kiharusi, waliokufa na waliopona, katika Hai na Dar es Salaam. Walipata 636. Walipozilinganisha sehemu hizo mbili kwa kuzingatia tofauti za umri wa wakazi, Hai ilikuwa na wagonjwa wapya wapatao 109 katika kila watu 100,000 kwa mwaka. Dar es Salaam walikuwa 316, karibu mara tatu. Na walipowalinganisha wagonjwa na majirani zao wasiougua, mambo kadhaa yalijitokeza: uvutaji sigara, mafuta mabaya katika damu, historia ya ugonjwa wa moyo, maambukizi ya VVU, na lile linalotajwa katika kila utafiti wa kiharusi duniani, yaani presha.

Ugonjwa usioumiza

Methali yasema mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini mwenye presha hafichi kitu. Yeye mwenyewe amefichwa. Moyo unasukuma damu kwa nguvu kupita kiasi, mishipa inapigwa mchana na usiku, inakakamaa, inachakaa kwa ndani, naye analima, anafanya biashara, anacheza na wajukuu. Wengi husubiri kichwa kiume au kizunguzungu kije ndipo wapime. Presha ya mtu inaweza kuwa juu miaka kumi bila kumpa hata dalili moja. Siku mshipa wa ubongo unapoziba au kupasuka, hiyo ndiyo dalili ya kwanza, na kwa wengi ndiyo ya mwisho.

Dunia yenyewe ilichelewa kulijua hili. Rais Franklin Roosevelt wa Marekani alikuwa na presha ya juu kwa miaka, na katika siku zile madaktari wengi waliamini kwamba presha hupanda kwa umri kwa sababu mwili unaihitaji. Tarehe 12 Aprili 1945, akiwa ameketi akichorwa picha, alilalamika kwamba kichwa kinamuuma vibaya, akapoteza fahamu. Presha yake ilisoma 300 kwa 190. Alikufa mchana huo kwa kuvuja damu katika ubongo.

Miaka mitatu baadaye, katika mji mdogo wa Framingham, jimbo la Massachusetts, watafiti waliandikisha watu wazima 5,209 wasio na ugonjwa wa moyo, wakaanza kuwapima kila baada ya miaka miwili na kungoja. Hawakungoja kuwatibu, walingoja kuona nani ataugua na nani hataugua, kisha wakarudi kwenye madaftari kuona walitofautiana wapi. Kazi hiyo inaendelea mpaka leo kwa watoto na wajukuu wao. Ni Framingham iliyoithibitishia dunia kwamba presha ya juu, lehemu nyingi na sigara humtengenezea mtu ugonjwa miaka mingi kabla haujaonekana.

Lakini kujua hatari ni jambo moja, na kuizuia ni jingine. Jibu la hilo lilikuja mwaka 1967. Daktari Edward Freis na wenzake, katika hospitali za wanajeshi wastaafu wa Marekani, waliwagawa wanaume 143 wenye presha kali sana. Nusu yao walipewa dawa, nusu vidonge visivyo na dawa. Ndani ya muda mfupi, miongoni mwa wasiopewa dawa, 27 walipatwa na madhara makubwa. Miongoni mwa waliopewa, walikuwa 2 tu. Tangu siku hiyo hakuna daktari anayeweza kusema presha haina la kufanywa.

Jiji na kijiji

Sasa turudi nyumbani, kwa sababu kuna jambo moja katika utafiti wa hapa kwetu ambalo halijapata kunitoka akilini. Gerry Mshana na wenzake waliwauliza watu wa Dar es Salaam na wa Hai wanadhani kiharusi husababishwa na nini. Ningetazamia kijiji kitaje mizimu na jiji litaje presha. Ikawa kinyume. Dar es Salaam, penye hospitali kubwa kupita zote nchini, wengi walitaja majini na uchawi. Hai, chini ya migomba na kahawa, wakataja presha, vyakula vya mafuta na mawazo.

Ninasema hivi bila kumdharau mtu. Anayeona mtu mzima akiangushwa na kitu asichokiona, upande mmoja wa mwili ukafa na mwingine ukabaki hai, ana haki ya kutafuta maana. Na ugonjwa usiotoa dalili unampa kila mtu nafasi ya kuijaza na hofu yake. Lakini saa zinazotumika kwenda kwa mganga ni saa ambazo ubongo unakufa. Mdomo ukienda upande, mkono ukilegea ghafla, maneno yakikwama, mgonjwa apelekwe hospitali wakati huo huo, sala na dua zifuate njiani.

Kujua jina la ugonjwa peke yake, hata hivyo, hakutoshi. Hao hao wa Hai waliotaja presha, watafiti walipowapima wazee wao wenye miaka 70 na zaidi, karibu 7 kati ya kila 10 walikuwa na presha ya juu, na wengi wao walikuwa hawajui. Na presha si ya wazee peke yao. Katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012, karibu mtu 1 kati ya kila 4 wenye miaka 25 hadi 64 alikuwa nayo. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu wazima bilioni 1.28 duniani walikuwa na presha ya juu, karibu nusu yao walikuwa hawajijui, na aliyefanikiwa kuidhibiti alikuwa 1 kati ya 5.

Kinachotukwamisha

Kinachosikitisha ni kwamba vifaa vya kuzuia vifo hivi ni vya kawaida sana. Kipimo cha presha ni mkanda wa kufunga mkononi na mashine ndogo. Dawa ni za zamani, zinatengenezwa na viwanda vingi, na kwa wagonjwa wengi ni kidonge kimoja au viwili kwa siku. Chumvi inatakiwa isifike kijiko kimoja cha chai kwa siku kwa mtu mzima, ikihesabiwa yote, ya mchuzini, ya kwenye mkate na ile ya kunyunyiza juu ya chipsi.

Shida yetu iko kwingine. Mtu hupewa dawa, presha ikashuka, akasema amepona, akaacha. Mwingine hugawana vidonge na jirani. Mwingine hufika zahanati akaambiwa mashine imeharibika au dawa zimekwisha, akaondoka na asirudi tena. Presha haiponi; inadhibitiwa, kama moto wa jikoni unavyodhibitiwa ili upike usiunguze nyumba. Dawa unayomeza ukiwa unajisikia mzima ndiyo inayokufanya uendelee kuwa mzima. Hilo ni gumu kulielewa kwa mtu tuliyemzoesha kwamba dawa ni ya mgonjwa, na lawama ya kutomweleza ni yetu sote, kuanzia daktari anayeandika karatasi bila kuinua uso.

Yapo ya kuiga. Mwaka 2018 watafiti wa Los Angeles walitoa matokeo ya kazi iliyofanyika katika maduka 52 ya vinyozi Wamarekani Weusi. Wafamasia walikutana na wateja wenye presha palepale kwenye kiti cha kinyozi, wakawapa dawa na kuwafuatilia. Baada ya miezi 6, namba ya juu ya presha ya wateja hao ilikuwa imeshuka kwa pointi 27. Ya wenzao walioshauriwa tu waende kwa daktari ilishuka kwa 9. Sisi tuna vinyozi kila mtaa. Tuna saluni, vijiwe vya kahawa, misikiti, makanisa, vikoba na vituo vya bodaboda. Tuna wahudumu wa afya wa jamii wanaojua kila mlango. Halmashauri inayoweza kuweka mashine ya presha inayofanya kazi katika kila zahanati, na dawa zisizokatika, itaokoa watu wengi kuliko itakavyookoa kwa kununua kitanda kimoja cha wagonjwa mahututi.

Wafiwa wale wa Hai, Morogoro na Dar es Salaam walikubali kumpokea mgeni mwenye daftari wakiwa bado na uchungu, wakamsimulia saa za mwisho za wapendwa wao. Walitoa walichokuwa nacho ili sisi tujue. Tukiendelea kuzika watu wa miaka 45 na kusema jana alikuwa mzima, tutakuwa tumeipoteza bure simulizi yao.

Basi wikendi hii, unapokwenda kumsalimia mama au baba, mshike mkono mkafike wote zahanati. Akishapimwa, kunja mkono wa shati lako, nawe upimwe. Ziandike namba mbili za kipimo mahali utakapoziona. Ikiwa ni 140 kwa 90 au zaidi, rudi upimwe tena, na daktari akikuandikia dawa, imeze kesho, na keshokutwa, na siku zote utakazojisikia mzima.