Si Uzee Tu

Ndugu msomaji, mara ngapi umesikia watu wakisema, "Ah, ni uzee tu"? Babu anakonda, chakula kinamkwama kooni. Bibi ambaye hedhi yake ilikoma zamani anatokwa damu tena. Nao wa nyumbani husema uzee, wakanyamaza. Ni kweli kwamba kansa, yaani saratani, huwapata zaidi wazee kuliko vijana. Lakini yafaa tujue kwa nini.

Ninyi wa Lituhi, Liuli na Mbamba Bay mwajua habari za wavu. Kila mkivua, uzi hukatika hapa na pale, nanyi mwashona. Tundu moja dogo halimpitishi samaki. Lakini matundu yakikaribiana bila kushonwa, siku moja samaki atapita. Ndivyo ulivyo mwili. Umejengwa kwa chembe ndogo mno, na kila chembe ina maagizo ya kazi yake. Chembe zinapozaana maagizo hunakiliwa, na makosa huingia. Mwili huyasahihisha mengi, si yote. Kwa kawaida kosa moja halileti kansa. Sharti yakusanyike kadhaa katika chembe moja, na hayo huchukua miaka mingi. Mzee amevua muda mrefu, na mkono wake wa kushona nao umechoka.

Tena kuna vitu vinavyoukata wavu upesi. Tumbaku ni ya kwanza, ya kuvuta, ya kutafuna, hata ugoro. Pombe nayo imo. Halafu mahindi na karanga zilizotiwa ghalani kabla ya kukauka: ukungu wake huweza kutoa sumukuvu, iletayo kansa ya ini, wala kupika hakuiondoi yote. (Na mahindi yaliyooza ndiyo wengine huyapikia pombe!)

Jua je? Ngozi nyeusi ina kinga yake. Ndugu zetu wenye ualbino hawana kinga hiyo, na wengi wao hupata kansa ya ngozi wangali vijana. Basi waona kwamba si hesabu ya miaka peke yake, bali miaka pamoja na yaliyoupata mwili humo. Mtoto wa namna hiyo avikwe kofia pana na mikono mirefu tangu utotoni, asingojee kuanza shule.

Mwaka 1951 Richard Doll na Bradford Hill wa Uingereza walianza kuwafuatilia madaktari wanaume zaidi ya 34,000. Matokeo ya miaka 50 yalitolewa mwaka 2004: aliyeacha sigara akiwa na miaka 30 alijipatia kama miaka 10 ya kuishi kuliko aliyeendelea, aliyeacha akiwa na 60, kama miaka 3. Miaka 3 si haba kwa babu anayetaka kumwona mjukuu wake akipokea Komunyo ya kwanza.

Basi kidonda kisichopona, uvimbe, damu au chakula kukwama, msingoje mavuno yaishe. Mpelekeni mzee zahanati, au hospitali ya Litembo au Peramiho. Ikibidi, ataelekezwa Ocean Road, Dar es Salaam. Mwambieni daktari dalili zilianza lini, na kama alivuta tumbaku, alivuta miaka mingapi.