Barabara, Mtaro na Kivuli: Mipango Miji kama Kinga ya Kwanza

Katika wodi za hospitali za mijini hulazwa wagonjwa wengi ambao maradhi yao hayakuanzia mwilini mwao. Mtoto aliyevunjika paja akivuka barabara kwenda shuleni. Mama aliyeishiwa maji kwa kuhara baada ya mvua za masika. Kijana mwenye homa ya dengi iliyoenezwa na mbu waliozaliwa katika pipa la maji ya nyumbani. Mzee ambaye shinikizo lake la damu halishuki, na ambaye ameshauriwa kutembea kila siku katika mtaa usio na njia ya miguu. Wote hawa hupewa tiba inayostahili, kisha hurudishwa katika mazingira yaleyale yaliyowaleta hospitalini.

Mazingira hayo hayakuumbwa yalivyo. Ni matokeo ya uamuzi: barabara ipite wapi, mtaro uchimbwe kwa kina gani, kiwanja cha wazi kibaki wazi au kijengwe. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu 5,383,728. Hilo ni ongezeko la zaidi ya watu milioni moja ndani ya miaka kumi, na wengi wao walijenga mahali ambapo mpimaji wa ardhi hajafika. Kwa hiyo swali la namna ya kupanga mji ni swali la kitabibu sawa na lile la chanjo.

Afya ilipotumiwa kuwagawa watu

Uhusiano wa tiba na mipango miji si mpya, wala haukuwa wa heri daima. Mwaka 1854 daktari John Snow aliweka katika ramani vifo vya kipindupindu vya mtaa wa Soho, London, akaonyesha kwamba vilikizunguka kisima kimoja cha pampu. Mpini wa pampu hiyo uliondolewa, na fikra ya kusoma maradhi kupitia ramani ikapata mizizi.

Dar es Salaam ilionja upande mwingine wa fikra hiyo. Amri ya ujenzi ya Wajerumani ya mwaka 1891 iligawa mji kwa aina za majengo, na utawala wa Waingereza ukaendeleza mgawanyo huo hadi mji ukawa na Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Uwanja wa Mnazi Mmoja uliachwa wazi kati ya Kariakoo na katikati ya mji, na sababu iliyotolewa ilikuwa ya kiafya: kuwakinga waliokuwa upande mmoja dhidi ya maradhi yaliyodhaniwa kutoka upande wa pili. Mabomba na mitaro mizuri ikawekwa upande uliolindwa. Historia hii inafaa kukumbukwa, kwa kuwa inaonyesha kwamba mpango unaotaja afya waweza kuwaacha wagonjwa zaidi wale waliohitaji kinga zaidi. Kipimo cha mpango wa leo ni mtaa ulio duni kabisa unapata nini.

Mwendo wa magari na mguu wa mtoto

Shirika la Afya Duniani lilikadiria katika ripoti yake ya mwaka 2023 kwamba ajali za barabarani huua watu milioni 1.19 kila mwaka, na kwamba asilimia 92 ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kwa watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29, hiki ndicho chanzo kikuu cha vifo. Zaidi ya nusu ya wanaokufa ni waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na watumiaji wa pikipiki.

Kwa muda mrefu jibu lilikuwa kumfundisha mtoto kutazama kulia na kushoto. Mafunzo hayo ni mema, lakini mtoto wa miaka saba hawezi kukadiria kasi ya gari kama mtu mzima, na mwili wake hauhimili kosa la dereva. Mtazamo mpya huanza na mwendo wenyewe. Mtembea kwa miguu akigongwa na gari lenye kasi ya kilomita 65 kwa saa, hatari ya kufa ni takribani mara nne na nusu ya ile ya kilomita 50. Ndiyo maana Azimio la Stockholm la mwaka 2020 lilihimiza ukomo wa kilomita 30 kwa saa mahali ambapo magari huchanganyika na watu.

Dar es Salaam imetoa mfano ulioheshimiwa duniani. Shirika la Amend lilichagua shule za msingi zilizokuwa na majeruhi wengi, likachunguza njia ambazo watoto hupita, kisha likarekebisha mazingira yenyewe: matuta ya kupunguza mwendo, vivuko, njia za miguu, vizuizi vya kutenga magari na watoto, alama, na hata kuhamisha lango la shule kutoka barabara kuu kwenda njia tulivu. Utafiti uliolinganisha shule zilizofanyiwa marekebisho na zile ambazo bado ulionyesha kuwa majeraha yalipungua kwa takribani robo. Mwaka 2019 mradi huo ulipata tuzo ya kimataifa ya miji ya taasisi ya WRI. Hapana kilichotumika isipokuwa saruji, rangi na uchunguzi makini.

Maji yaingiayo na maji yatokayo

Mlipuko wa kipindupindu ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 ulienea katika mikoa mingi ya nchi. Chumvichumvi za kunywa na dripu ziliokoa maisha ya wengi. Hata hivyo, njia ya vimelea ilibaki palepale. Sehemu kubwa ya wakazi wa jiji hutumia vyoo vya shimo na makaro. Shimo likijaa, gari la kunyonya majitaka mara nyingi haliwezi kupenya kichochoro, na gharama yake huwashinda wengi. Wengine huwaita vijana wapakuao kwa mikono, ambao mtaani huitwa vyura. Wengine husubiri mvua kubwa na “kutapisha” choo, yaani kukifungua ili kinyesi kichukuliwe na mafuriko. Kumlaumu mkazi huyo ni rahisi. Kumpa njia nyingine ndiko kugumu.

Njia mojawapo ilizaliwa mjini Natal, Brazil, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Badala ya mabomba makubwa yanayozikwa kwa kina kirefu chini ya barabara za magari, wahandisi walilaza mabomba membamba kwa kina kifupi, yakipita nyuma ya nyumba na katika vichochoro, huku wakazi wenyewe wakikubaliana wapi yapite na nani ayatunze. Gharama ilishuka sana. Mtandao wa namna hiyo umejaribiwa Vingunguti, ambako mabwawa ya kusafisha majitaka yako karibu. Nyumba iliyounganishwa haina haja tena ya kusubiri mvua.

Upande wa maji yaingiayo nao una somo. Bomba linalotoa maji kwa zamu humlazimisha mkazi kuhifadhi maji katika madumu, mapipa na matenki. Chombo kisichofunikwa vizuri ni makazi ya mbu aina ya Aedes, waenezao dengi, ugonjwa uliolipuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena mwaka 2019. Sasa kuna tishio jingine: mbu wa malaria aitwaye Anopheles stephensi, mwenye asili ya Asia, aliyegunduliwa Djibouti mwaka 2012 na baadaye katika nchi nyingine za Afrika, ikiwamo Kenya. Mbu huyu hustawi katika matenki ya maji mijini, jambo ambalo mbu wa malaria waliozoeleka hawapendelei. Kwa hiyo maji ya bomba yasiyokatika ni kinga ya kipindupindu, dengi na malaria kwa pamoja.

Bonde lililosahauliwa kuwa ni bonde

Mto Msimbazi hutoka vilima vya Pugu, hukatiza jiji na kuingia Bahari ya Hindi karibu na daraja la Selander. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu wapatao arobaini. Familia nyingi zilihamishiwa Mabwepande, nje ya jiji. Baadhi zilirudi bondeni, kwa sababu huko walikohamishiwa kulikuwa mbali na vibarua, shule na zahanati walizozizoea. Nayo karakana ya mabasi yaendayo haraka, yaliyoanza kutoa huduma mwaka 2016, ilijengwa Jangwani na imefurika mara kadhaa. Maji hayakubagua kibanda na mradi mkubwa.

Kutokana na hayo, fikra imebadilika. Zamani mhandisi alitaka maji yaondoke upesi kwa mfereji wa zege. Mpango mpya wa bonde la Msimbazi, ulioandaliwa kwa mikutano ya wakazi, wataalamu na viongozi mwaka 2018, unakubali kwamba mto unahitaji nafasi ya kutanuka. Daraja liinuliwe, tope liondolewe, na sehemu ya chini ya bonde iwe bustani inayoweza kufurika bila kuua. Aidha, kupitia mradi wa Ramani Huria ulioanza mwaka 2015, wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi wa mitaa walichora ramani za mitaro na maeneo yanayofurika, kwa simu na ndege zisizo na rubani. Somo la Mabwepande, hata hivyo, halina budi kubaki mezani: anayehamishwa bondeni ahamishwe pamoja na njia ya kufika kazini na kliniki, la sivyo atarudi.

Kivuli na mahali pa kutembea

Shirika la Afya Duniani hupendekeza mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Kwa mgonjwa wa kisukari au shinikizo la damu, agizo hilo ni sehemu ya tiba. Ila agizo la kutembea huhitaji mahali pa kutembea. Kigali imelijibu hilo kwa namna inayowagusa watumishi wa afya moja kwa moja: tangu mwaka 2016 hufunga baadhi ya barabara kwa magari katika Jumapili teule, watu hutembea na kukimbia, na wauguzi hupima sukari na shinikizo la damu papo hapo.

Joto nalo limeingia katika orodha ya mambo ya kitabibu. Bati lisilo na dari, lami na kuta za saruji huhifadhi joto hadi usiku. Mgonjwa anayetumia dawa za kuongeza mkojo hupungukiwa maji upesi zaidi siku za joto kali. Jiji la Medellín nchini Kolombia lilipanda miti na mimea katika njia zipatazo 30 za barabara na vijito, na joto katika njia hizo likapungua kwa takribani nyuzi mbili. Miarobaini na mikungu iliyopandwa zamani kando ya mitaa yetu hufanya kazi hiyohiyo, kila inaposalimika na shoka la mpanuzi wa barabara.

Kupima kabla ya kujenga

Huenda somo kubwa kuliko yote limo ndani ya Dar es Salaam yenyewe. Katika miaka ya 1970 serikali ilipima viwanja Sinza, Kijitonyama na Mikocheni kabla ya watu kuhamia, ikaweka barabara na miundombinu ya msingi, kisha ikawaachia wananchi wajenge wenyewe kidogo kidogo. Wakati huohuo maeneo yaliyokwisha kujengeka, kama Manzese, yaliboreshwa baadaye. Watafiti waliorejea miongo kadhaa baadaye walikuta makazi yaliyopimwa mapema yana nyumba bora na huduma bora zaidi. Kuchora mstari wa barabara katika pori ni kazi nyepesi. Kuuchora katikati ya nyumba ni machozi na fidia. Wahenga walinena: usipoziba ufa utajenga ukuta.

Nafasi ya mtumishi wa afya na ya mgonjwa

Zahanati ina kitu ambacho ofisi ya mipango miji haina, nacho ni habari za mwili wa mkazi. Vitabu vya MTUHA hueleza ni wangapi waliougua. Mtumishi akiongeza ni wapi walikoumia au kuugua, taarifa hiyo hugeuka ushahidi. Majeruhi watano wa kivuko kimoja katika mwezi mmoja, wakiwekwa katika barua fupi kwa ofisi ya TARURA na halmashauri, wana uzito kuliko malalamiko ya jumla. Vivyo hivyo kwa wagonjwa wa kuhara waliotoka kichochoro kimoja. Majina ya wagonjwa yasitajwe. Mahali na idadi vyatosha.

Mgonjwa naye anaposimulia ugonjwa wake ataje pia mahali: barabara aliyogongwa, kisima alichochota, siku maji yalipokatika. Nyumbani afunike matenki na mapipa, na ayasugue kila wiki, kwa kuwa mayai ya Aedes hugandamana na kuta za chombo. Mkutano wa mtaa unapojadili mtaro, uwanja wa wazi au tuta mbele ya shule, ahudhurie na aseme yaliyompata. Uwanja wa wazi ukishamilikishwa mtu na kujengwa, haurudi kwa urahisi. Ukitetewa leo, utakuwa mahali pa mjukuu kucheza na pa babu kutembea zile dakika thelathini alizoandikiwa na daktari.