Mvua ya Lanet Hupikwa Baharini

Utabiri wa bahari ukisomwa redioni, mkulima wa Lanet, Nakuru, huona hayo ni mambo ya wavuvi wa Lamu, Pemba na Mafia: mawimbi yana kimo gani, kusi inavuma vipi, vyombo vitoke au vibaki. Yeye yuko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,900, na pwani iko zaidi ya kilomita 500. Hata hivyo habari hizo ni zake pia, kwa sababu mvua ya vuli hufuata joto la Bahari ya Hindi. Maji ya upande wetu yakipata joto kuliko ya Indonesia, mvuke mwingi huinuka na kusukumwa bara. Mwishoni mwa 2019 tofauti hiyo ilikuwa miongoni mwa kubwa zaidi kuwahi kupimwa. Mvua zikapitiliza, na Ziwa Nakuru, lililokuwa likipanda tayari, likazidi kumeza nchi kavu. Mwaka 2022 joto lilihamia Indonesia, na vuli ikawa haba sehemu kubwa ya Kenya.

Kuna atakayesema mvua ya Nakuru hutoka magharibi, Kongo na Ziwa Viktoria. Ni kweli, hasa ile ya Agosti. Lakini upepo huo nao huvutwa na bahari. Machi 2018 vimbunga Dumazile na Eliakim vilipita mashariki mwa Madagaska, vikauvuta upepo wa Kongo upite juu ya Kenya, na mwezi huo ukanyesha kupita kiasi. Masika hiyo iliendelea hadi Mei, na usiku wa tarehe 9 bwawa likapasuka Solai, kaskazini mwa Lanet, likaua watu zaidi ya 40. Machi 2019 kimbunga Idai kilikuwa magharibi mwa kisiwa hichohicho, kikaelekea Beira na unyevu wetu. Masika ikachelewa, na mbegu zikangoja.

Pingamizi zito ni kwamba watabiri hukosea: mwaka 2015 El Niño ilitangazwa kwa kishindo, na sehemu nyingi hazikuona mafuriko yaliyoogopwa. Silikatai hilo. Bahari huitawala vuli kuliko masika, na masika ndiyo ya mahindi, kwa hiyo utabiri wa msimu unaotolewa Februari haubebi uzito wa ule wa Septemba. Kimbunga, lakini, huonekana siku kadhaa kabla, kama Hidaya ilivyoonekana ikiikaribia Mafia Mei 2024. Mkulima anayesubiri kupanda Machi anastahili kuambiwa, katika redio anayoisikiliza, kimbunga kiko upande gani wa Madagaska.