Alama Isiyouma

Ndugu mupendwa, wewe unayelala katika kitanda chetu, na wewe unayengojea zamu yako inje karibu na mulango wa dawa, soma maneno haya polepole. Kama mwenzako hajui kusoma, umusomee.

Tunapoangalia ngozi ya mutu kwa ajili ya ukoma, tunamuambia afunge macho, tunagusa alama yake kwa pamba, na tunauliza: “Unasikia?” Mwenye ngozi nzima anaitika. Mwenye ukoma ananyamaza. Ugonjwa ule haujulikani kwa maumivu, unajulikana kwa kukosa maumivu. Kwa hiyo wengi wanachelewa. Wanasema, “Hainiumi, nije kufanya nini?” Halafu wanashika chungu cha moto pasipo kujua, na vidole vyao vinaharibika.

Zambi iko vile vile. Mutu akisema uongo mara ya kwanza, moyo wake unamuchoma. Mara ya kumi hasikii kitu. Anamunyanganya mujane, na usiku analala vizuri. Lakini usinisikie vibaya! Sisemi kwamba mugonjwa wa ukoma ametenda zambi kuliko wengine. Yesu alikataa mawazo ya namna hii mbele ya kipofu wa Yohana sura ya 9. Ukoma unaletwa na kijidudu ambacho munganga Hansen wa Norwe alikiona katika mwaka 1873. Haitoki kwa ulozi, wala kwa laana.

Katika 2 Wafalme sura ya 5 tunasoma habari ya Naamani, mukubwa wa jeshi la Shamu, mwenye ukoma. Kijakazi mudogo aliyetekwa katika inchi ya Israeli ndiye aliyejulisha kwamba nabii yuko. Naamani akaondoka na talanta 10 za feza, na zahabu 6,000, na mavazi 10. Elisha hakutoka hata kumusalimu. Alimutuma mutu kumuambia aoge mara 7 katika Yordani, basi. Naamani akakasirika sana. Na uangalie sababu ya hasira yake: neno halikuwa gumu, lilikuwa rahisi. Alikuja kulipa, naye aliambiwa kuoga. Watumishi wake wakamutuliza, akashuka mutoni, na ngozi yake ikarudi kama ya mutoto. Elisha akakataa zawadi zote.

Mwaka mumoja muzee mumoja alikuwa kwetu, akingojea kupasuliwa ngiri. Usiku akaniita.

“Mwana wangu, kesho watanipasua. Andika jina langu katika kitabu cha kanisa. Nina mbuzi nyumbani, nitakupa.”

Nikajibu, “Baba, nikiandika jina lako usiku huu, mimi nitapata mbuzi, na wewe hutapata kitu.”

Akageukia ukuta kwa hasira. Nikaogopa, nikafikiri labda nimemufungia mulango. Lakini nilijua hatari ile. Nilipotoka katika chuo cha Biblia nilikuwa na cheti, nilihubiri, nilijua kuomba kwa sauti kubwa; na miaka mingi nilitumainia cheti kile. Karibu na mapambazuko akaita tena: “Basi, kama si mbuzi, ni nini?”

Nikamuambia maneno ninayokuambia wewe sasa. Mungu ni mutakatifu, na zambi zetu zimetutenga naye. Yesu Kristo, Mwana wake, alikufa musalabani pahali petu, na siku ya tatu akafufuka. Deni limelipwa. Wewe uungame mbele ya Mungu, usiseme “zambi zote” mbio mbio, taja kila moja kwa jina lake. Uiache. Amini kwamba Yesu alikufa kwa ajili yako wewe, na umupokee kwa mukono mutupu. Waefeso 2:8-9 na Warumi 10:9 zinafundisha hivi. Dawa ya ukoma inatolewa bure, vidonge vya miezi 6 kwa wenye alama chache, miezi 12 kwa wenye alama nyingi. Lakini vidonge vinavyobaki katika kabati havimuponyi mutu. Ni lazima avimeze. Ubatizo unakuja nyuma, na matendo mema pia, kama vile mutu aliyepona anashika jembe. Hakulima ili apone.

Muzee akanyamaza muda murefu. Halafu akaanza kusema juu ya shamba la ndugu yake, na mupaka aliousogeza usiku, miaka mingi iliyopita. Alilia. Akaomba kwa maneno yake mwenyewe, nayo yalikuwa machache. Mimi nilisema Amina tu.

Asubuhi walimupasua, akapona. Siku ya kutoka ndugu yake alikuwa amekuja kumuchukua, na kwa mazungumzo yao nilisikia kwamba mupaka umerudishwa pahali pake, na mbuzi yule sasa anakaa kwa ndugu.