Sindano ya Joto kwa Ng'ombe: Apimwe Mimba Kwanza

Mfugaji wa Kalokol anaweza kukaa miezi mingi tangu ng'ombe wake azae bila kumwona akija kwa joto. Bila kupanda hakuna ndama, na bila ndama hakuna maziwa. Sindano ya homoni iitwayo prostaglandini inaweza kusaidia, lakini si kwa kila ng'ombe.

Kwa kawaida ng'ombe huja kwa joto kila baada ya siku 21 hivi. Yai likishatoka, kitezi kidogo hujitokeza kwenye ovari na kuzuia joto jingine. Sindano hukiyeyusha kitezi hicho, na ng'ombe huja kwa joto ndani ya siku 2 hadi 5. Hapo hupandishwa kwa dume au kwa mbegu.

Ng'ombe aliyedhoofishwa na kiangazi mara nyingi hana kitezi hicho, hivyo sindano haitamfaa. Huyo ahitaji malisho, maji na chumvi ya madini kwanza.

Hatari kubwa ni mimba. Kitezi hichohicho ndicho hulinda mimba. Ng'ombe au mbuzi mwenye mimba akidungwa, anaweza kuitoa. Mfugaji hupoteza ndama aliyekuwa tayari anakuja.

Wafugaji wanashauriwa kutonunua sindano hii na kujidungia wenyewe. Mwite daktari wa mifugo aliyesajiliwa ampime ng'ombe mimba kwanza. Wanawake wajawazito na wenye pumu wasiishike dawa hii, kwani hupenya kwenye ngozi.